Glasi Tupu Mkononi mwa Mzee Teófilo

Yuleisy Urdaneta hakuwa mtu wa kubembeleza. Alitoka Maracaibo, Venezuela, na begi moja, akaingia Lima, Peru, akauza kahawa kwenye mataa mpaka madereva wakamzoea. Alipopata meza ya juisi ndani ya soko alisema waziwazi kwamba sasa watamkoma.

Meza ilikuwa ya Mama Hermelinda, aliyeangushwa na magoti baada ya kusaga mapapai umri wake wote. Makubaliano yalikuwa mafupi. Mama angerudi siku ya sikukuu ya soko. Akikuta viti vimejaa watu, meza ni ya Yuleisy, akikuta vitupu anampa mpwa wake.

Yuleisy akacheka. Juisi ndiyo ya kumshinda? Akanunua glasi kubwa kuliko zote mle sokoni, akawa anamimina mpaka pomoni, blenda nzima, kisha anaisuuza palepale. Ya nini kumpa mtu kwa awamu? Apewe chake chote kwa mkupuo, na nyongeza yake humohumo. Watu walikuja, wakanywa, wakakaa kidogo wakiitazama ile blenda safi, wakaondoka. Hawakurudi.

Mzee Teófilo, muuza kuku wa meza ya mbele, alivumilia kuliko wengine. Asubuhi moja alimaliza juisi yake, akabaki ameshika glasi tupu.

"Babu, hiyo glasi unaiatamia?" Yuleisy akamtania.

Mzee akaiweka chini, akarudi kwenye kuku wake. Kesho yake akapita bila salamu.

Hapo Yuleisy alichemka. Akasema wanamfanyia hivyo kwa kuwa ni mgeni, watu wa Lima wana roho mbaya, na kama ni vita basi iwe vita. Sikukuu nayo ilikuwa inabisha hodi. Akavua aproni, akaenda kupeleleza upande wa pili wa soko, kwa mama mmoja ambaye viti vyake havipoi. Akaagiza papai na maziwa. Akaletewa kiglasi ambacho yeye angeona haya kumpa hata adui yake. Akakinywa kwa dharau, akabaki amekishika, akitafuta la kusema. Yule mama akamgeukia na blenda.

"Bado una kiu, mwanangu. Lete nikuongeze."

Akammiminia juisi iliyobaki. Ukizichanganya zote mbili, bado hazikufikia glasi ya Yuleisy. Lakini tangu avuke mpaka hakuna mtu aliyejali kama ametosheka au bado. Akalia palepale mbele za watu, wala hakujificha. Kumbe wateja walikuwa wakimngoja awageukie mara ya pili, naye yuko bize anaosha blenda! Na mzee wa watu akaambiwa anaatamia. Aibu iliyoje.

Glasi kubwa akazifungia kabatini siku hiyohiyo. Akamfuata mzee Teófilo, akamvuta mkono mbele ya kuku wake, akamkalisha. Akampa kidogo, akasubiri amalize, akamwongeza. Mzee akanywa taratibu mpaka tone la mwisho.

"Sasa ndiyo umefika Lima, binti," akasema.

Siku ya sikukuu matarumbeta yalilia tangu asubuhi, na sanamu ya mtakatifu ilizungukwa na maua. Mama Hermelinda akaja na mkongojo wake, akakuta hakuna pa kukaa. Waliokaa wamebanana, wengine wamesimama na glasi zao. Akatazama weee. Kisha akavua shingoni ufunguo wa pili wa kabati, ule ambao hakuwahi kumwamini mtu nao, akaunyoosha juu ya vichwa vya wateja.

Yuleisy aliuona, na moyo ukamruka. Lakini mzee Teófilo alikuwa ameshika glasi tupu.

"Nisubiri kidogo, Mama," Yuleisy akasema, huku anainua blenda. "Babu hapa bado sijamwongeza."