Thom ya Mzee Nhial

Nyamuoch ameshona sare za nusu ya watoto wa mtaa wa Kator, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Alilelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, akarudi Juba na cherehani moja na baba mmoja, mzee Nhial, ambaye mali yake yote ilikuwa thom, kinubi cha Wanuer. Mzee alikibeba mgongoni kutoka kwao Nasir hadi kambini, akakirudisha hivyo hivyo.

Miaka minane iliyopita kampuni moja ya mjini ilitengeneza katuni ya televisheni ya Tiko, mbuzi mtundu, ikataka nyimbo. Nyamuoch akatunga maneno, mzee akatunga muziki, wakarekodi katika chumba kilichotundikwa magodoro ukutani ili jenereta la jirani lisisikike. Boda ikipiga honi, wanaanza upya. Nyimbo zilikuwa nane. Watoto wa Juba waliziimba mpaka wazazi wakachoka. Kisha katuni ikakatizwa, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumrekodi.

Basi mwaka huu ikatangazwa kwamba Tiko anarudi, Jumamosi asubuhi. Nyamuoch akafunga duka, jambo asilolifanya hata akiwa na malaria, akapika chai ya maziwa na kuwaita majirani zake wa Hai Malakal.

"Leo watoto watamsikia babu yao," akasema.

Mbuzi akatokea, akafungua mdomo. Kikatoka kinanda cha kompyuta, tin tin tin, kama ule muziki wa kusubiri simu ya benki ipokewe. Majirani wakainamia vikombe vyao. Jamani, mtu mmoja azikwe mara ngapi?

Jumatatu alikuwa ofisini kwa Madut, meneja wa kampuni ile, ambaye naye alikulia Kakuma.

"Malesh, dada," Madut akaomba radhi. "Disk ya nyimbo za zamani ilipotea. Tulibaki na picha tu, ndiyo tukaweka muziki mwingine."

"Ilipotea aje? Ilikuwa na miguu?"

Madut akazunguka huku na huku hadi ukweli ukamtoka. Miaka kadhaa nyuma kulikuwa na mgeni wao aliyetaka filamu za kutazama hotelini. Wakatoa kabatini disk iliyoonekana kuukuu, wakaipeleka kwenye vibanda vya filamu vya Sherikat ijazwe.

Sasa, nani Juba asiyejua kazi ya vile vibanda? Ukipeleka disk, jamaa hakuulizi kitu. Anafuta kila kilichomo ndipo ajaze. Hata mtoto wa shule hutoa vitu vyake kwanza. Lakini mabwana wa kampuni, wenye viyoyozi na vitambulisho shingoni, ati hawakujua! Au walijua wasijali. Nyamuoch aliamini hilo la pili, na mimi siwezi kumlaumu.

Akapanda boda hadi Sherikat, si kwa matumaini, bali amtukane huyo aliyefuta. Kwenye kibanda alichoelekezwa na Madut akamkuta Edrine, Mganda mpole mwenye waya shingoni.

"Ni kweli mama, mimi iko nafuta," Edrine akasema. "Lakini kwanza iko naangalia ndani. Kama kuna muziki tamu, mimi nabakisha ya kuuza. Ile ya mbuzi? Madereva ya lori inapenda sana!"

Miaka yote hiyo alikuwa akimuuza baba wa watu bila ruhusa! Nyamuoch aliinua mkono ampige kofi. Edrine, bila kujua, akabonyeza kitufe. Thom ikalia. Kabla ya wimbo wa tatu mzee akakohoa, kile kikohozi chake chenyewe, na mkono wa Nyamuoch ukashuka taratibu. Akakaa kwenye kreti ya soda, akalia mbele ya watu bila aibu.

"Mwizi wewe," akamwambia Edrine. "Mungu akubariki."

Akaondoka na nyimbo zote nane kwenye simu yake. Habari zikafika ofisini, na wiki iliyofuata Madut akapiga simu, sauti imejaa asali. Wangependa kurudisha nyimbo za mwanzo. Kuna jambo dogo tu: kwa kuwa mzee hakutia sahihi popote, mwanasheria amesema mwisho wa katuni iandikwe "Muziki wa asili, mtunzi hajulikani."

Nyamuoch akasimamisha cherehani.

"Rudia hapo."

"Ni maneno ya kisheria tu, dada. Mtunzi hajulikani."

"Maneno ya nyimbo ni yangu, na bila jina la Nhial hampati hata wimbo mmoja," akasema. "Hajulikani? Madut, siku tulipomzika, si wewe ndiye ulikuwa umeshika koleo?"