Vifaru Tele, Teksi Hakuna

Mji wa fundi wa meno bandia umejengwa kwa plasta ileile anayochukulia alama za fizi za watu, na unakaa juu ya meza sebuleni kwake. Posta ina ngazi laini kama ufizi wa mtoto mchanga. Matofali ya ukuta wa benki yamechongwa kwa keekee ndogo ya kusawazishia magego. Kuna kituo cha mafuta, kuna shule, kuna ghorofa lenye vyoo ndani ambavyo hakuna atakayeviona kwa sababu paa limeshagandishwa. Mwenyewe anajua vimo, na hilo linamtosha.

Jumamosi mchana watu wazima watatu, wenye kazi zao, vitambi vyao na vidonge vyao vya presha, huuzunguka mji huo na kupigana vita. Askari wao wana urefu wa pingili moja ya kidole gumba. Mwendo wa jeshi hupimwa kwa futi ya kushonea, shabaha huamuliwa na dadu, na marehemu hulazwa kwenye kisahani cha chai. Fundi ana jeshi la kijani. Mfamasia, mwenye duka kubwa la dawa na gari lenye viti vya ngozi, ana jeshi la kaki, ambalo lilifika kutoka ng'ambo likiwa limeshapakwa rangi hadi mboni za macho. Mwalimu wa udereva hana jeshi. Ndiye mwamuzi, kwa sababu ameshazoea kukaa pembeni akiona watu wanakosea.

Meza ni ya mke wa fundi. Yeye hushona mapazia, na hapo ndipo anapokatia vitambaa vyake siku za kazi. Jumamosi humwachia mumewe meza, akahamia na cherehani yake dirishani, na kutoka huko hutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba.

Sasa, Jumamosi moja mchezo ulipokwisha, mfamasia alikuwa akiwarudisha askari wake kwenye boksi lao la sponji, kila mmoja kwenye kitanda chake. Akasita.

"Fundi, nikwambie kitu bila kukuudhi?"

"Ukianza hivyo nimeshaudhika. Sema tu."

"Mji wako hauna magari. Barabara nyeupe, moja kwa moja, kama kitanda cha hospitali. Askari wangu leo wamekufa katikati ya lami wakitafuta hata bajaji ya kujifichia."

"Kweli," mwalimu wa udereva akaongeza. "Barabara kama hii hata mtihani siwezi kufanyia. Mtu atagonga nini?"

"Mimi kwangu nina magari kamili," mfamasia akaendelea, sauti ikiwa ya upole ule wa kumwambia mgonjwa kwamba dawa yake imepanda bei. "Basi mnaonaje, tuhamie kwangu?"

Fundi alihisi kama aliyeng'olewa jino bila ganzi. Kwa mfamasia palikuwa na makochi meupe ya kukaliwa kwa ncha, na meza ya kioo ambayo ukiigusa inafutwa. Kubwa zaidi, mji wake mwenyewe ungeingia kwenye maboksi chini ya kitanda, posta na vyoo vyake, na kutoka huko mji hautoki tena.

"Nipeni wiki moja," akasema.

"Wiki moja," mfamasia akakubali. "Barabara ikiwa tupu tena, tunahama moja kwa moja. Shemeji naye atapumzika na meza yake."

"Usinisingizie mimi," shemeji akajibu kutoka dirishani. "Mimi nawasikiliza nyinyi badala ya redio."

Msomaji ambaye hajawahi kupigana vita mezani anaweza kudhani kwamba kupata gari dogo ni jambo dogo. Wenye viwanda vya mchezo huu wamefikiria kila kitu kinachoua. Kuna kifaru chenye matope na kifaru kisicho na matope. Kuna kifaru cha jangwani, cha theluji, na cha siku ya gwaride. Lakini mtu anayekwenda kazini asubuhi, yule ambaye vita vyote hivyo vinapiganwa mlangoni kwake, hajatengenezewa hata teksi. Ukibahatika ukakuta gari la raia, linauzwa likiwa limeshaungua. Yale machache mazima aliyonayo mfamasia, bei ya moja ungenunulia tairi la gari lenyewe.

Fundi alianzia kwenye duka la vitu vya watoto, lile lenye muziki na ubaridi.

"Mtoto ana umri gani?" binti wa dukani akamuuliza.

"Hamsini na kitu."

"Miezi?"

Fundi alifikiri kidogo. "Miezi."

Akapelekwa kwenye rafu ya magari. Bei zilikuwa zimebandikwa chini ya tumbo la kila gari, mahali pa siri, kwa aibu. Lakini hata kama angekuwa na mfuko wa mfamasia, kulikuwa na tatizo jingine. Watengeneza midoli hawapimi gari, wanapima boksi. Teksi, basi na gari la zimamoto vyote vinatoka na urefu mmoja ili vipangike vizuri. Askari wa fundi, akisimama kando ya basi la namna hiyo, angeweza kulibeba kwapani akaenda nalo nyumbani.

Kesho yake baada ya kazi akaenda soko la mitumba, upande wa nyuma, wanakomwaga midoli ya mitumba juu ya turubai. Mwenye turubai alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Karibu baba, chagua. Wajukuu watakupenda."

Fundi akachuchumaa. Akatoa leso mfukoni, akaikunjua taratibu kama mtu anayeonyesha jiwe la thamani, na ndani yake akatoka askari wa kijani mwenye bunduki.

"Huyo nani tena?" mama akauliza.

"Kipimo changu, mama."

"Ana silaha."

"Hana ubaya. Anatafuta gari."

Mama akacheka hadi ndoo ikamlalamikia. "Haya, mlete achague mwenyewe!"

Fundi ana utaratibu wake. Askari anasimamishwa mlangoni pa gari. Paa likimfika kidevuni, sawa. Likimfika kiunoni, gari ni la sungura. Likimpita kichwa, huyo si askari tena, ni mtoto aliyepotea maegeshoni. Akajaribu la kwanza.

"Hilo linambana," mama akasema. "Atapiga magoti ndani."

"Na hili?"

"Hapo amemezwa. Mvue."

Mpita njia mwenye mkoba akasimama. "Mpe hilo la bluu, naona linamkaa vizuri mabegani."

"La bluu halina mlango, dada."

"Ataingilia dirishani. Si askari huyo?"

Punde watu wakawa wamelizunguka turubai, kila mmoja akitoa ushauri kama vile wanamvisha bwana harusi. Mama mwenyewe alikuwa ameshuka kutoka kwenye ndoo na kuchimbua kwa mikono miwili, na chini kabisa ya rundo, chini ya bata asiye na miguu, akalitoa lori la taka. Lilikuwa la manjano, zito, na kidirisha chake kilikuwa sawasawa na macho ya askari. Umati ukasema "Aaa!" kwa pamoja.

"Nalichukua hili."

"Siuzi moja moja, baba. Nauza kwa fungu."

Fundi akarudi nyumbani na fungu: lori la taka, teksi kadhaa, pikapu, gari la mkate, magari madogo ya rangi za ajabu, yule bata, na gari moja la waridi lenye macho kwenye kioo cha mbele na kope ndefu. Fungu zima lilimgharimu kama chakula cha mchana.

Jioni zilizofuata mkewe alikata mapazia upande mmoja wa meza, yeye akifanya kazi upande wa pili. Alikwangua miali ya moto iliyochorwa milangoni, akapaka rangi za kawaida, akatia kutu kwa majani ya chai.

"Hilo lenye kope utalifanyaje?" mkewe akamuuliza.

"Nitalinyoa."

"Liache. Mji gani hauna hata mtu mmoja mwenye mbwembwe?"

Likaachwa.

Kila mtu wa mchezo huu anajua kwamba gari likishapakwa rangi, magurudumu yanatiwa gundi ili lisitembee likaharibu vita. Fundi anajua pia. Aliyatia gundi yote, isipokuwa ya lori la taka. Lori lile lilikuwa na springi: ulivute nyuma, uliachie, linakimbia lenyewe kwa mngurumo wa kikohozi. Alilijaribu sakafuni mara moja. Akalijaribu tena. Mkewe akainua mguu kulipisha, kisha akainua na mwingine, kisha akamwambia alirudishe lipite tena. Chupa ya gundi ilikuwa wazi mkononi mwa fundi. Akaifunga.

Jumamosi ikafika. Mfamasia aliingia, akatazama, akainama mezani. Mitaa ilikuwa imejaa. Teksi zimepanga mstari mbele ya benki, pikapu iko kituo cha mafuta, gari la mkate liko mlangoni pa shule, na lile la kope limesimama peke yake kama linamsubiri mtu mahususi.

"Si mabaya," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyemeza kidonge bila maji. "Tuone yatakavyofanya kazi."

Mwalimu wa udereva yeye aliinama kwa sababu nyingine. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Nani ameegesha hapa?"

"Mimi," fundi akasema.

"Kwenye kona? Na hili, mbele ya bomba la zimamoto? Mtaa mzima huu nimeufelisha."

"Mwamuzi, tuko vitani."

"Vita si leseni."

Mchezo ukaanza. Kijani wakashika shule, kaki wakajificha nyuma ya teksi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mji ule askari walikuwa na mahali pa kuchutama. Mfamasia alianza kuchangamka pasipo kutaka. Akakusanya kikosi chake bora kabisa, wale wenye mboni za macho, pamoja na kamanda wao mwenye darubini, akakipanga kivuke barabara kuu kuelekea posta. Posta ikitekwa, mchezo umekwisha. Akapima kwa futi. Akatoa mkono.

Mwalimu wa udereva wakati huo alikuwa hatazami posta. Alikuwa akilitazama lori la taka, lililoingizwa kichochoroni kwa pua. Gari kubwa haliingizwi kwa pua. Linaingizwa kinyumenyume, ili dereva atoke akiona. Ameyasema hayo kwa wanafunzi maisha yake yote, amewafelisha watu kwa hilo, na sasa kosa lilikuwa linamkodolea macho. Akajizuia. Akajizuia tena. Kisha, taratibu, kwa vidole viwili, akaligeuza lori likatazama barabara kuu, akalirudisha nyuma kichochoroni, inchi kwa inchi, akiangalia vioo vya pembeni ambavyo halikuwa navyo. Springi ikajikaza. Akaliachia.

Lori likakohoa likatoka. Lilipita katikati ya kikosi bora kama kisu, likamchukua kamanda na darubini yake kwenye boneti, likavuka posta, likafika mwisho wa dunia na kutumbukia ndani ya kikapu cha mapazia.



"Warudishwe!" mfamasia akafoka. "Fundi, magurudumu hukuyatia gundi?"

"Yale mengine nimetia."

"Mwamuzi!"

Mwamuzi alikuwa amejishika kifua. "Hii," akasema, akitafuta sauti yake ya kazini, "ni ajali ya barabarani."

"Ajali? Umelisukuma wewe!"

"Nililiegesha vizuri."

Cherehani ikanyamaza dirishani. "Walitazama kushoto na kulia?" mke wa fundi akauliza.

"Nani, shemeji?"

"Hao askari wako. Kabla ya kuvuka."

Mke wa fundi akaiacha cherehani. Akainuka, akachakura kikapuni, akarudi na lori mkononi, kamanda angali kwenye boneti.

"Nyie mnapigana katikati ya mji," akasema, "halafu mnashangaa mji una watu. Huyu mzoa taka ana kazi yake. Atawasubiri mpaka lini? Fundi ana zamu, wewe shemeji una zamu. Huyu zamu yake iko wapi?"

Mfamasia alilichukua lori. Fundi akausogelea mji wake, maana mkono wa pili wa mfamasia ulikuwa umeshashika mfuniko wa boksi la sponji, na boksi lile likifungwa, mji nao umefungwa. Mfamasia akaligeuza lori chini juu. Akayazungusha magurudumu kwa kidole. Yakazunguka.

"Yangu yote yametiwa gundi," akasema polepole. "Yamekuja hivyo hivyo kutoka kiwandani. Hayaendi popote."

"Hata moja?" fundi akauliza.

"Hata moja." Akaliweka lori mwanzo wa barabara kuu, akapiga magoti mpaka jicho lake likawa sawa na kidirisha cha dereva. "Mwamuzi, raia wakiwa na zamu, nani anawaendesha?"

"Sheria haisemi."

"Basi naendesha mimi. Askari wangu mpe shemeji."

"Sitaki askari," shemeji akasema. "Nataka lile lenye kope."

Fundi akaenda kuleta chai, na aliporudi ilibidi amzunguke mfamasia aliyekuwa ametambaa nusu chini ya meza, akidai kupishwa na teksi. Walikubaliana Jumamosi ijayo saa ileile, hapohapo, na mwalimu wa udereva akasema atakuja mapema kuchora vivuko. Hadi giza linaingia hakuna jeshi lililoiteka posta. Lakini taka zilikuwa zimezolewa mtaa mzima.