Ovaroli ya Siku ya Wageni

Mimi sikusoma. Darasa la pili nilitolewa nikalee wadogo zangu, na kila nilicho nacho leo nimekipata kwa mikono hii. Nitaeleza nilivyoona, basi.

Enzi za Ujamaa nilikuwa mfagizi katika kiwanda kikubwa cha kufuma nguo, mali ya umma, hapa Morogoro. Ukutani waliandika kwamba binadamu wote ni sawa. Chini ya maandishi hayo wanaume waliendesha mashine, sisi wanawake tulizoa vumbi la pamba. Mashine niliiomba mpaka nikachoka kuambiwa subiri.

Asubuhi moja, kabla mashine hazijawashwa, meneja akaniita. Mtu wa kutoka mbali, msomi, shati limenyooka. Akanipa ovaroli mpya.

"Vaa, mama. Wageni wa Dar wanakuja kuona akina mama wanavyopewa nafasi. Wewe shika hapa tu, fundi ataendesha."

"Na wakiondoka?"

"Unarudi kwenye kazi yako."

Nikaitua ovaroli juu ya mashine. "Nipe mashine, nitavaa. Hutaki, kamvalishe mkeo."

Watu wakaguna. Meneja akanisogelea.

"Nikikufukuza leo utakula wapi?"

"Mlimani."

Hakuelewa. Akaagiza aitwe mume wangu, mpakiaji wa stoo. Akaja, jasho linamtiririka, kofia mkononi. Hapo ndipo nilipoogopa. Meneja sikumwogopa hata kidogo. Niliogopa kwamba mume wangu, mtu asiyependa ugomvi, angeniambia vaa, mbele ya wote, na mashine ningeikosa moja kwa moja.

"Ndugu, mwamrishe mkeo," meneja akasema. "Au na wewe unataka kurudi nyumbani?"

Mume wangu akanitazama, akaitazama ovaroli.

"Nyumbani kwa nani, mzee? Kule juu shamba ni la ukoo wa mama yake, na nyumba imekaa kwenye kiwanja cha mama yake. Aliyehamia ni mimi. Nikimwamrisha hapa, jioni nitalala wapi? Kwako?"

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Huku Uluguruni ardhi hufuata mama, bwana meneja! Umemwita asiye na shamba!"

Meneja hakucheka. Honi ya gari la wageni ikalia getini.

"Kesho utaanza kufundishwa," akaninong'oneza.

"Sema kwa sauti."

Akasema, kwa sauti. Nikavaa.

Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akaniuliza naendesha mashine hiyo tangu lini. Meneja akanikodolea macho.

"Naanza kesho, ndugu. Meneja ametangaza sasa hivi. Waulize hawa."

Wenzangu wakapiga makofi ya nguvu, makusudi. Meneja akabaki anatabasamu kama mtu mwenye jino bovu.

Siku hizi nasikia makampuni makubwa yanapimwa, na mengine yanapewa tuzo kwa kuwajali wanawake. Sawa. Lakini hao wapimaji waende siku wasiyotarajiwa, watazame nani kashika mashine na nani kashika ufagio. Picha za siku ya wageni mimi nazijua, nimo.

Basi, kesho yake ya siku ile nilifika mapema. Meneja alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, kanuna. Nilijua akitamka neno moja tu nitarudi kwenye vumbi. Nikampita bila kupunguza mwendo. Akageuka, akaingia ofisini.

"Njoo basi," fundi akasema. "Ukikatwa kidole usinililie, mimi si mumeo."

"Ungekuwa mume wangu ningeshakurudisha kwenu."

Akawasha. Uzi ukakatika. Nikaufunga, ukakatika tena, wanaume wakacheka. Mpaka kengele ya mchana sikuwa nimefuma hata kitambaa cha kufutia pua, na hakuna aliyenitoa pale.