Kiganja juu ya ampli

Fundi wa muziki wa magari hapo Butembo hafungi spika kabla ya kuipima mara mbili, na Lusenge, aliyekuwa akingojwa Beni na gari lake kuongoza msafara wa harusi ya dada yake, alichoka kumtazama. Fundi alifumba jicho moja, akapima ukinzani wa spika ya besi ya kwanza: omu nne. Ya pili: nne. Akaanza tena.

“Fundi, unganisha zote pamoja, zipige nguvu!”

“Pamoja umeme unapata njia mbili, omu zinashuka mpaka mbili, mais ampli yako, hii mashini ya kukuza sauti, haivumilie chini ya ine. Itaungua mu njia.”

“Weye uko fundi ao padri? Fungia tu!”

Fundi akashusha pumzi, akafunga alivyoagizwa, akawasha. Vioo vikatetemeka, Lusenge akacheka. Wimbo ulipokwisha fundi aliweka kiganja juu ya ampli, kama mama apimaye homa ya mtoto, kisha akaushika mkono wa Lusenge na kuulaza palepale. Lusenge akauvuta ghafla, akapuliza vidole.

“Na hatuyafika hata Maboya, mu njia ya Beni,” fundi akasema.

“Basi, funga moja nyuma ya ingine, umeme upite njia moja, hata ipige pole. Mais bashemeji bakiuliza sauti iko wapi, utabajibu weye!”