Kiuno Kitangulie

Sijui kusimama tuli. Iwe foleni ya bomba, ghala la ufuta au hata msibani, kisigino changu cha kulia kinazunguka chenyewe, mpaka watu wananiuliza kama nimebanwa na haja. Nimechoka kueleza. Ugonjwa huu niliupata sekondari, Ruangwa, kwa mwalimu wa michezo aliyehamishiwa kwetu kutoka Mwanza na gunia la vifaa vya besiboli.

Gongo lake tuliliita mpini, na tulilitumia kama mpini. Mtoto wa mkulima ukimpa mti mrefu mkononi, atauinua juu ya kichwa na kuushusha. Mpira ulipita, vumbi likatimka. Mwalimu alishika kichwa.

"Mnalima nini hapo? Nguvu haiko mikononi, iko kiunoni!"

Akatuonyesha. Uzito ukae mguu wa nyuma, kisigino kiinuke na kugeuka, kiuno kifunguke hadi kitovu kimtazame mrushaji wa mpira. Mabega yangoje. Mikono ije mwisho.

"Kiuno kitangulie!"

Wasichana tuliinama tukacheka viganjani. Alidhani hatuelewi. Masikini, tulielewa kupita alivyotaka. Wote tulikuwa tumechezwa unyago, na kukiacha kiuno kiende huku mabega yametulia tulifundishwa zamani, mlango umefungwa. La ndani halitoki nje, sembuse mbele ya wanaume. Basi tukawa tunakaza viuno makusudi, na mwalimu akasononeka kwamba amepewa timu ya magogo.

Lakini mimi niliutaka ule mpira. Niliutaka hadi nikakosa usingizi. Na mwalimu alikwishaniambia kwamba nikikosa kwenye mechi ya Nachingwea, ndio basi, anampa nafasi mwingine. Wiki ile nikaenda Mbekenyera kwa shangazi, ambaye ndiye alikuwa somo wangu, aliyenifunda nilipochezwa. Nilimkuta anapepeta ufuta. Nikamweleza, nikachukua mchi, nikamwonyesha.

Hakutazama hadi mwisho.

"Weka mchi wangu, mwanangu. Mbele ya watu wazima na mashemeji? Watauliza, huyu kafundwa na nani? Watanitaja mimi."

"Shangazi, ni mchezo tu."

"Kwako mchezo. Kwangu jina."

Nikauweka mchi, nikaondoka nimenuna. Njia nzima ya kurudi nilijinyonganyonga nyuma ya bodaboda, hadi dereva akaniambia, "Dada, tulia, utatumwaga."

Siku ya mechi uwanja ulijaa. Zamu yangu ilipofika nikainua macho, nikamwona shangazi katikati ya kina mama, kanga imemfunika hadi puani. Kaja kunichunga. Mpira wa kwanza nilikaza kiuno, nikapiga hewa. Wa pili vilevile. Wavulana wa Nachingwea wakashangilia, "Lima, dada, lima!" Ukikosa wa tatu unatoka, na mwalimu alikuwa tayari amegeukia benchi.

Hasira ikanipanda. Mrushaji alipouachia mpira wa tatu, kisigino kikageuka, kiuno kikaondoka, mabega yakangoja, na mpini ukatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia mazoezini. Mpira ukapaa, ukaenda kuangukia kwenye mikorosho.

Nami nikaganda. Badala ya kukimbilia kituo cha kwanza, kama sheria inavyomtaka aliyepiga, niligeuka kumtafuta shangazi, nijue kama bado mimi ni mtoto wake. Mwalimu anapiga kelele, wenzangu wanapiga kelele, miguu haiendi. Nilimwona amesimama peke yake, kanga imemwangukia mabegani, kidole kimenielekea.

"Kimbia, wewe mtoto! Umekwishaniaibisha, basi kimbia!"