Miti Iliyopandwa na Ndege

Mdogo wangu wa kiume, wa tumbo moja, aliwaambia watu wa ofisi ya ardhi kwamba mama yetu hakuzaa mtoto wa kike. Alisema hayo mchana kweupe, shati limepigwa pasi, na mimi nikiwa hai. Nimeanza na hilo lisije likasahaulika katikati, maana habari ninayotaka kuisimulia ni ya mtu mwingine, na mtu huyo hunichekesha hata siku ambazo sitaki kucheka.

Ni mama mdogo, ndugu wa mama, aliyetulea baada ya mama kufariki. Kwenye kitalu cha miche anakofanya kazi wanamwita Kiriba, kwa sababu ni mfupi, amejaa, na kutwa anashindilia udongo kwenye viriba vya plastiki. Hachukii. "Bora kiriba kuliko gunia," husema, huku akimtupia jicho msimamizi wake mwenye kitambi.

Shamba la mama lilikuwa bondeni. Nilikuwa msichana mdogo serikali ilipojenga bwawa, maji yakapanda yakalimeza. Kabla hatujahama, mama alisimama kwenye safu ya miti aliyoipanda katikati ya shamba, akasema mama mdogo akisikia: juu ya miti ni kwa mwanangu wa kiume, chini ya miti hadi mtoni ni kwa binti yangu. Majirani walimcheka. Mtu anagawa shamba linalozama!

Sisi tukakua, bwawa likazeeka. Likajaa tope, ukuta ukaingia ufa, mwishowe wakaubomoa. Maji yalipoondoka likabaki bonde linalonuka samaki, na jua lilipolikausha likapasukapasuka kama kisigino chenye magaga. Katikati ilisimama miti ya mama, mikavu, myeusi, haina jani hata moja.

Kitalu kikapewa kazi ya kulivalisha bonde upya. Mama mdogo alilea miche kama vifaranga, akaibeba, akaipanda juu ya tope lile. Ikakauka karibu yote. Wakati huohuo, kwenye nyufa, vitu ambavyo hakuna aliyevialika vikaanza kutoka: kwanza ndago, halafu mbarika, na kando ya mto matete. Kisha, chini ya miti ya mama, ikachipua mizambarau na mikuyu. Ndege walikuwa wakitua kwenye matawi makavu, kwani kwingine kote hapakuwa na pa kutua, wanaacha mbegu na mbolea yake. Miche ikaota kwa mstari, kama imepangwa kwa kamba.

Mama mdogo alinipeleka kuiona. Alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka yote hii najaza viriba, kumbe ndege anayekunya mtini ananishinda kazi!"

Mimi sikucheka. Niliona mpaka wa mama umeota.

Mdogo wangu aliuona pia. Watu wa ardhi walikuwa wametangaza kwamba watakuja kukagua mashamba ya zamani kabla ya kuwarudishia wenyewe, na miti ile mikavu ingeweza kuanguka wakati wowote. Kama angeifyeka na ile miche, bonde lingekuwa moja tu, na lingekuwa lake. Mama mdogo alikuwa akiishi kwake, chumba cha nyuma chenye kitanda cha chuma alichomnunulia yeye. Kila mtu alijua atanyamaza.

Asubuhi moja mdogo wangu alikwenda bondeni na vijana wawili wenye mapanga. Walimkuta mama mdogo amekaa katikati ya miche, miguu ameinyoosha, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeambiwa nisifungue mdomo.

"Mama mdogo, toka hapo utaumia."

"Kuumia nilishaumia, uliposema dada yako hayupo. Mbona namwona?"

"Haya ni magugu tu. Hayana mwenyewe."

"Yana mwenyewe. Ndege yule pale. Kamwombe ruhusa."

Vijana wakacheka. Mdogo wangu akapandisha sauti. "Unakula kwangu, unalala kwangu, halafu unanigeuka?"

Mama mdogo aliweka kikombe chini. "Kumbe nilikuwa nakula kwako? Mimi nilidhani nakula kwa mwanangu."

Hapo hakucheka mtu. Kijana mmoja akapachika panga kwapani. "Bosi, tutafutie kazi nyingine. Mama wa mtu hatumburuti."

Jioni ile mama mdogo alifika kwangu na godoro kichwani. Nina chumba kimoja, nyuma ya duka la fundi cherehani. "Sogea," akasema. "Nakoroma, lakini wewe kwa hasira zako usingizi hupati, kwa hiyo hutapungukiwa." Sasa dirisha langu limejaa makopo ya miche, na nikitaka kufungua pazia lazima niombe njia. Jumapili tunakwenda bondeni. Mizambarau imefika kiunoni, na chini yake kumeota majani laini yasiyopenda jua. Anaipapasa mmoja mmoja. "Hamjambo, wajukuu wa ndege?"

Watu wa ardhi walikuja, wakaukagua ule mstari mwanzo hadi mwisho. Mkubwa wao akaniambia, "Mama, mpaka tumeuona. Aliyekosekana ni mwenye nao. Ndugu yako ndiye aliyetuambia kwamba wewe hupo. Yeye ndiye atuambie kwamba upo."

Mdogo wangu hajaenda. Mama mdogo anamdai hodi moja: aje mlangoni petu amwulize amelalaje. Kila pikipiki ikipunguza mwendo nje, namwona anavyotega sikio, halafu anajifanya anamwagilia makopo. Mimi namdai arudi kwenye ofisi ileile, mbele ya watu walewale, aseme kwamba mama yetu alizaa mtoto wa kike, na kwamba chini ya miti hadi mtoni ni kwake.