Mikono Iliyomukanda Mutoto

Mwaka ule njo ule tulikula ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo bila hata ndagala moja. Samaki walikuwa wamelikimbia ziwa. Mujukuu wangu alizaliwa katikati ya njaa hiyo. Kwetu mama ya mama njo anamuogesha mutoto mara ya kwanza. Nilimukanda kwa maji ya moto na mawese, nikanyoosha mikono, nikanyoosha miguu. Nimekanda watoto wote wa nyumba hii, na wote wanatembea vifua mbele.

Huyu akabaki laini. Miguu imelegea kama ya chura, kilio chembamba, tumbo njo lilivuta pumzi, kifua kimetulia tu. Hata kunyonya kulimuchosha. Binti yangu alimunyonyesha kidogo kidogo, muchana kutwa. Nikaanza kuogopa mikono yangu mwenyewe. Niliificha chini ya kikwembe nilichojifunga.

Shangazi ya mutoto, dada ya baba yake, akatoka Manono na begi moja na mudomo mukubwa.

"Mama, wewe njo ulimukanda. Ulimutoa nguvu, ukajiongezea. Kwa umri wako bado unatwanga!"

"Natwanga kwa sababu wewe unakula."

Nilijibu hivyo, lakini mikono sikuitoa chini ya kikwembe. Shangazi alitaka kumupeleka kwenye chumba cha maombi, asinyonye mpaka pepo atoke. Nikasimama mulangoni.

"Huyu mutoto hatoki. Mukitaka, munitoe mimi kwanza."

Kesho yake munganga wa hospitali akatuita wote: majibu ya damu ya mutoto, ile aliyoituma kupimwa, yamerudi kutoka mbali. Akasema ndani ya mwili, maagizo ya kujenga nguvu yanaandikwa kwenye uzi murefu wenye vipande vya bure, visivyo na kazi. Kuna mashini ndogo sana ya kutoa vile vya bure. Nayo haikai tayari: sehemu zake zinakuja moja moja, zinakusanyika juu ya uzi, zinaukunja kitanzi, zinakata, zinaunga, zinatawanyika.

"Kumbe ni ekipe ya reli," nikasema. Marehemu mume wangu alifanya ile kazi. Mafundi wanakuja pamoja na vyuma, wanatoa reli mbovu, wanaunga, wanaenda.

"Njo vile, Mama. Huyu alizaliwa agizo moja halipo. Liko la pili, la akiba, lakini mashini inalikata vibaya, inatupa na kipande kizuri. Hakuna mukono uliomuvunja."

"Na dawa?"

"Iko. Hapa kwetu haiko."

Nikaona treni inakuja, na reli pale mbele haipo.

Jioni shangazi akarudi uani na wanaume wawili wa kile chumba.

"Munganga mwenyewe hana dawa. Lete mutoto."

Pumzi ya mujukuu wangu, niliyemufunga kifuani, ilinigusa shingo, fupi, ikikatika, ikirudi. Kila ilipokatika, na mimi nilikatika. Nikatoa mikono chini ya kikwembe, nikamushika kwa yote miwili.

"Huyu mutoto hatoki. Mukitaka, munitoe mimi kwanza."